Doa la siti halitoki kwa hasira

Kama umewahi kununua Probox iliyotumika na mtu mwingine, unaijua ile siku ya kwanza ukiwa peke yako ndani. Injini iko sawa, tairi ziko sawa, redio inaongea. Halafu unageuka kuangalia siti ya nyuma na unaona ramani. Ramani ya chai, ya miraa, ya maziwa ya mtoto wa mtu usiyemjua. Unajiambia utaitoa wikendi. Wikendi inafika, unachukua sabuni ya unga, brashi na ndoo nzima ya maji, unasugua mpaka bega linauma. Jumatatu doa limerudi, tena safari hii limekuja na mpaka.

Mimi naijua hiyo hadithi kutoka upande wa pili. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kulipika, nikaingia kawoshi moja hapa Embu, kando ya barabara inayopanda Runyenjes na Chuka hadi Meru. Mchana naosha magari, usiku naandika. Ya leo ni ya mchana.

Jumamosi moja alikuja mzee na Probox nyeupe. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akaniita.

“Kijana, hii gari naiuza Jumatatu. Hizi siti unaweza?”

“Wacha wasiwasi, mzee. Utaikuta kama imetoka meli.”

Sikumuuliza gari lilikuwa likibeba nini. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Katikati ya siti kulikuwa na doa la hudhurungi, kubwa kama sinia, la siku nyingi. Nikaanza na maji moto na sabuni. Likacheka. Nikaongeza maji, likanywa. Saa nane mchana nikakasirika, nikaenda kuchukua Jik. Kufikia jioni siti yote ilikuwa rangi moja, maana kitambaa kikiwa kimelowa kila kitu hufanana. Mzee akanitumia Sh1,500 kwa M-Pesa, akaenda.

Jumatatu mchana alirudi. Doa lilikuwa limepanda tena juu, limezungukwa na duara jeusi, na katikati kulikuwa na kiraka cheupe mahali Jik ilikula rangi. Mnunuzi alikuwa ameangalia hiyo siti, akasema gari limefichwa kitu, akapunguza Sh20,000 kwenye bei. Mzee alikubali kwa sababu pesa ilikuwa ya hospitali na hangeweza kungoja mnunuzi mwingine.

Hakupiga kelele. Alisema tu, “Kijana, ungeniambia hujui.”

Nilimrudishia ile 1,500. Hiyo 20,000 sikuwa nayo.

Kwa nini doa hurudi

Siti ya gari si shati. Shati lina kitambaa tu. Siti ina kitambaa juu na sponji nene chini. Chai ikimwagika leo, sehemu kubwa inashuka kwenye sponji na kukaa huko. Ukija mwaka mmoja baadaye na ndoo ya maji, unayeyusha ule uchafu wa chini. Siti inapokauka, maji hukimbilia juu kwenye hewa, sawa na mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Maji yakifika juu yanageuka mvuke na kwenda zake, lakini uchafu hauwezi kuruka. Unabaki kwenye kitambaa. Ule mpaka mweusi ndipo maji yaliishia.

Kwa hivyo kadiri unavyomwaga maji mengi, ndivyo unavyoliita doa lirudi. Hiyo hakuna aliyeniambia siku ya kwanza kazini. Nilikuja kuisikia Meru.

Miezi michache baada ya ile Probox, nilienda kwetu Meru kwa matanga, nikakaa wiki mbili nikimsaidia binamu yangu kazi karibu na Makutano. Hapo kuna mama mmoja anayesafisha siti za matatu na za magari ya miraa. Kila mtu anamwita Mathe. Ana brashi laini, chupa mbili za kupulizia na rundo la vitambaa vyeupe. Ndoo yake ni ndogo hata ya kuoga mtoto haitoshi.

Gari la kwanza nililomwona akifanya, hakugusa maji kwa dakika kumi. Alimwuliza dereva, “Hapa kulimwagika nini? Lini? Na umeweka nini juu yake?” Kisha akainama, akanusa siti. Nikacheka.

“Kijana wangu,” akaniambia bila kugeuka, “daktari anakudunga sindano kabla hajauliza unaumwa wapi?”

Kila doa na dawa yake

Nilichojifunza kwake, na nilichokuja kusoma baadaye usiku kwenye simu, ni hiki: madoa yako ya aina nne au tano, na dawa ya moja inaweza kuwa sumu ya nyingine.

Kwanza ni damu, maziwa, mayai na matapishi. Haya yana protini. Maji moto huipika protini ndani ya kitambaa, kama yai kwenye sufuria, na ikishapikwa imeshika. Tumia maji baridi na sabuni kidogo. Sabuni za unga zenye vimeng'enya husaidia sana hapa, kwa sababu vimeng'enya huivunja protini vipande vipande.

Pili ni chai ya rangi, kahawa, utomvu wa ndizi na maji ya miraa. Huku kwetu hili ndilo doa lenyewe. Miraa ya Igembe inayotoka Maua hufungwa kwa majani ya mgomba mabichi isikauke njiani, na yale majani yakikatwa hutoa utomvu. Kila mtoto wa Meru anajua shati ulilovaa kukata ndizi haliendi kanisani tena. Utomvu ukiwa mbichi ni kama maji. Ukikutana na hewa unageuka hudhurungi. Huku Embu nako kuna muguka wa Mbeere, na vidole vya mtafunaji hupanguswa papo hapo kwenye siti. Haya madoa yote yana tanini. Sabuni ya kipande, ile ya kufulia, inaweza kuyakazia zaidi. Yanachotaka ni asidi nyepesi: kipimo kimoja cha siki nyeupe kwa viwili vya maji. Pulizia, ngoja dakika kumi, kandamiza na kitambaa cheupe. Yakibaki, duka la dawa linauza haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Hiyo huachia oksijeni inayovunja rangi ya doa, halafu yenyewe inabaki maji. Lakini ijaribu kwanza chini ya siti, mahali pasipoonekana, kwa sababu vitambaa vingine hupauka.

Tatu ni mafuta: chipsi, samosa, grisi, losheni. Maji peke yake hayana kazi hapa. Nyunyiza unga wa mahindi au poda ya mtoto, acha ifyonze usiku kucha, piga brashi, kisha tumia tone la sabuni ya vyombo kwenye kitambaa chenye unyevu.

Nne ni udongo mwekundu wa mlimani. Huu uache ukauke kabisa. Ukiusugua ukiwa tope, unausukuma ndani. Ukikauka, piga brashi, fyonza vumbi kwa mashine, na nusu ya kazi imekwisha. Ule wekundu ni chuma, sawa na kutu, na Jik haitoi kutu. Ndimu au siki hujaribu.

Tano ni wino wa kalamu. Spiriti ya kusafishia vidonda, kidogo kwenye pamba, ukigusagusa bila kusugua.

Kwa yote, kandamiza kutoka pembeni ukielekea katikati. Ukianza katikati unalipanua.

Taulo la usiku

Sasa ile siri ya doa linalorudi. Mathe akimaliza kusafisha na kukausha maji kwa kitambaa, hutandika taulo jeupe kavu juu ya siti, anaweka kitu kizito juu, na kuliacha hadi asubuhi. Maji yanapopanda kutoka kwenye sponji, uchafu hauishii kwenye kitambaa cha siti. Unapita na kuishia kwenye taulo. Nilipoliinua mara ya kwanza nilikuta picha ya lile doa, rangi ya chai, upande wa chini wa taulo. Doa la zamani huhitaji usiku wa pili, pengine wa tatu. Asiyekuachia gari usiku mmoja hataki doa litoke, anataka lifichwe.

Halafu kausha kabisa. Huku kwetu Julai ni ukungu na manyunyu, jua unaweza kulikosa siku tatu. Siti ikibaki na unyevu, kesho kutwa kuna harufu ya ukungu, na hiyo ni ngumu kuliko doa. Fungua milango yote, weka feni. Na chini ya siti za mbele mara nyingi kuna nyaya, za mkanda na pengine za mifuko ya hewa. Hapo si mahali pa ndoo.

Usichanganye

Kuna video zimejaa TikTok za siki na bekingi soda, povu linapanda kama Krismasi. Bro, lile povu ni hewa tu. Asidi na soda vikikutana vinauana, unabaki na maji yenye chumvi. Soda itumie peke yake, kavu, kwa harufu.

Hilo ni kosa la kupoteza wakati. Kuna kosa la kupoteza maisha. Jik na siki au ndimu hutoa gesi ya klorini. Jik juu ya mkojo, na siti ngapi zimekojolewa na watoto, hutoa gesi nyingine kali ya kuchoma mapafu. Ndani ya gari milango ikiwa imefungwa, hutaki kujaribu. Wala usitie siki na peroksaidi kwenye chupa moja. Mkanda wa usalama usiuguse na Jik kabisa, inaudhoofisha, na mkanda ndio utakaokushika siku ya ajali.

Maji machafu nayo yasishuke Rupingazi wala Kathita. Kuna watu wanakunywa huko chini.

Ile Probox

Mwaka jana iliingia tena kawoshi. Niliijua kabla haijasimama. Dereva alikuwa kijana wa rika langu, ndiye aliyeinunua.

“Buda, siti ya nyuma. Niliambiwa haitoki. Utaweza?”

Nilitaka kusema ndiyo. Badala yake nikauliza ilikuwa ikibeba nini kabla yake. Akaniambia mwenyewe wa kwanza alikuwa akisambaza ndizi na miraa. Utomvu. Yaani ile Jumamosi nilikuwa nimemwagia sabuni na maji moto kitu kilichotaka siki.

Nikamwambia ukweli: “Hili la hudhurungi nitalipunguza sana, labda liishe. Nipe usiku mbili. Huo mduara utatoka. Lakini hicho kiraka cheupe hakitoki, hicho si uchafu, rangi imeliwa. Na aliyeila ni mimi.”

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. “Basi ulinisaidia kupunguziwa bei.”

Mimi sikucheka. Nilifanya kazi kwa siki, kisha peroksaidi, kisha taulo, usiku mbili. Doa likaisha, mduara ukaisha. Kiraka kikabaki.

Nilimwomba namba ya yule mzee aliyemuuzia. Nimempigia. Tumekubaliana kila akija mjini na gari la mwanawe naliosha bure, ndani na nje, mpaka tuseme imetosha. Hadi sasa nimeliosha mara sita. Kila mara anafungua mlango wa nyuma, ananionyesha siti, na mimi namwambia ni ipi nitatoa na ni ipi siwezi.