Somo la Redio: Mzee na Mtoto Katika Hesabu ya Umaskini

Walimu wa madarasa, tafadhali chukueni chaki. Somo letu la leo ni hesabu ya umaskini, na mfano wetu ni Kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya.

Andikeni ubaoni: 79 kwa mia. Maana yake, utafiti wa serikali wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba katika kila watu 100 wa Turkana, karibu 79 walikuwa maskini. Kwa Kenya nzima walikuwa 36. Kwa watoto peke yao, Kenya nzima, walipita 40. Kwa vijana hawakufika 36. Je, mtoto awezaje kumzidi kaka yake kwa umaskini?

Hapa wengi hukosea. Karani wa utafiti hamwulizi kila mtu ana fedha ngapi mfukoni. Huuliza nyumba nzima imetumia nini: unga, sukari, mafuta ya taa, nguo. Hata maziwa ya mbuzi wao wenyewe hutiwa bei. Kisha jumla hugawanywa kwa watu wa nyumba ile.

Katika utafiti huo, mstari wa umaskini kwa mtu mzima wa mashambani ulikuwa shilingi 3,252 kwa mwezi. Mtoto wa miaka 5 hadi 14 alihesabiwa 0.65 ya mtu mzima, yaani zaidi ya nusu. Wa chini ya miaka 5 alihesabiwa 0.24, karibu robo. (Aliyelea mtoto wa miaka minne atakuwa na la kusema juu ya robo hiyo, lakini ndiyo kanuni.)

Tuchukue nyumba ya mfano: bibi wa miaka 72, binti yake mtu mzima, mjukuu wa miaka 10 na mwingine wa miaka 3. Jumlisheni 1 na 1 na 0.65 na 0.24, mtapata 2.89. Zidisheni kwa 3,252. Nyumba hii yahitaji shilingi 9,398. Ikipungukiwa, wote wanne huandikwa maskini. Ikivuka, hakuna hata mmoja anayeandikwa, ijapokuwa bibi hulala na njaa ili wajukuu washibe. Karatasi ya karani haioni sahani.

Sasa jibu letu. Nyumba maskini mara nyingi ndizo zenye watoto wengi, basi watoto wengi huangukia upande huo. Kijana naye huondoka kwenda Lodwar au Kitale kutafuta kazi. Akipata chumba chake, huhesabiwa huko, pengine peke yake.

Na fedha za wazee je? Mpango wa Inua Jamii umewawekea wazee walioandikishwa, wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Jina kwenye orodha ni la bibi, lakini wanaokula ni wanne. Kwa hiyo mimi sikubali fedha hizo ziitwe msaada wa wazee tu.

Fungueni madaftari. Nyumba ile ile hutumia shilingi 9,500, na 2,000 za bibi zimo ndani. Mwezi huu fedha za bibi zimechelewa, wala hakuna wa kuwakopesha. Maskini wameongezeka wangapi? Kati yao, watoto ni wangapi?