Nafuu ya ushuru kwa bima ya afya: mwenye gereji ndogo anapata nini?

Mwenye gereji ndogo akilazwa hospitalini wiki mbili, gereji nayo hulala. Magari ya wateja hukaa bila kuguswa, mafundi hukosa posho na kodi ya uwanja haingoji. Ndiyo maana bima ya afya ni jambo zito kwa mamia ya gereji zilizoko kando ya barabara kuu kutoka Changamwe hadi Miritini, na katika mitaa mingine ya Kaunti ya Mombasa, ambako mmiliki mara nyingi ndiye fundi mkuu.

Wengi wao wamesikia kwamba anayelipia bima ya afya hupunguziwa ushuru. Habari hiyo ni ya kweli, lakini si kwa kila mtu. Nafuu hiyo hutegemea njia ambayo biashara hutumia kulipa ushuru. Mwenye gereji asipoijua njia yake anaweza kungoja punguzo ambalo haliji, au kuacha kudai lililo haki yake.

Mchango wa SHIF

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Bima ya Afya ya Jamii, yaani SHIF, ilichukua nafasi ya iliyokuwa NHIF. Inasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA.

Fundi aliyeajiriwa kwa mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Mwajiri haongezi kitu juu yake, lakini ni wajibu wake kukata pesa hizo na kuziwasilisha kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Mwenye gereji asiyejilipa mshahara, pamoja na fundi anayelipwa kwa kila kazi, huhesabiwa kuwa amejiajiri. Yeye hujibu maswali kuhusu hali ya maisha ya jamaa yake, kisha mfumo wa SHA hukadiria mapato ya nyumba na kumpangia mchango wa asilimia 2.75. Mchango huo hulipwa wa mwaka mzima, na hauwezi kuwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Asiye na pesa zote kwa pamoja anaweza kutumia mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao humkopesha mchango wa mwaka naye akaurejesha kidogo kidogo.

Njia tatu za nafuu

Ya kwanza ni kuondoa mchango wa SHIF kwenye mapato kabla ya ushuru kukokotolewa. Utaratibu huu ulianza tarehe 27 Desemba 2024, sheria ya ushuru ilipofanyiwa marekebisho. Awali, aliyechangia NHIF alirudishiwa asilimia 15 tu ya mchango wake.

Tuchukue mfano wa fundi anayelipwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Mchango wake wa SHIF ni shilingi 825. Kwa viwango vya mwaka 2025, shilingi za mwisho za mshahara wake zinatozwa asilimia 25. Kwa hivyo, kuondolewa kwa shilingi 825 kunampunguzia ushuru wa shilingi 206.25 kila mwezi. Chini ya utaratibu wa zamani angepata shilingi 123.75. Fundi ambaye mshahara wake hauzidi shilingi 24,000 hatozwi ushuru wa mshahara, hivyo hakuna cha kupunguziwa, ingawa mchango wa SHIF analipa.

Ya pili ni ya anayejinunulia bima ya kampuni ya kibinafsi, yeye mwenyewe, mwenzi wake au mtoto wake. Huyu hupata nafuu ya asilimia 15 ya alicholipa, isiyozidi shilingi 5,000 kwa mwezi au 60,000 kwa mwaka. Nafuu hii huondolewa kwenye ushuru wenyewe, si kwenye mapato. Aliyelipia bima ya shilingi 24,000 kwa mwaka, ushuru wake unapungua kwa shilingi 3,600.

Ya tatu ni ya mwajiri anayewanunulia wafanyakazi wake wa kudumu bima ya kibinafsi ya matibabu. Gharama hiyo huingia katika matumizi ya biashara, na wafanyakazi hawatozwi ushuru kwa faida hiyo. Lakini mfanyakazi hawezi tena kudai asilimia 15 kwa bima ambayo hakuilipia yeye.

Kikwazo cha kodi ya mauzo

Gereji nyingi ndogo hukwama hapa. Biashara ambayo mauzo yake kwa mwaka yanazidi shilingi milioni 1 lakini hayazidi milioni 25 huwekwa chini ya kodi ya mauzo, inayojulikana kama TOT. Kodi hii ni asilimia 3 ya mauzo yote, na hulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Uzuri wake ni wepesi: hakuna hesabu ndefu. Ubaya wake ni kwamba haiangalii matumizi. Kodi ya uwanja haiondolewi, wala mishahara, wala mchango wa SHIF wa mwenye gereji. Ile asilimia 15 ya bima ya kibinafsi pia haina pa kushikia.

Kwa gereji kuna jambo jingine. Mteja akilipa shilingi 20,000, na 14,000 kati ya hizo zikaenda dukani kununua vipuri, risiti ya gereji ikiandikwa shilingi 20,000, asilimia 3 hutozwa kwa zote 20,000. Fundi aliyebaki na 6,000 hulipa kodi ya shilingi 600.

Hali hii haimgusi mfanyakazi wake. Fundi mwenye mshahara hupata nafuu yake ya SHIF kupitia ushuru wa mshahara, hata kama mwajiri wake yuko kwenye TOT. Wala TOT haimwondolei mwajiri wajibu wa kukata na kuwasilisha michango ya SHIF.

Gereji ambayo mauzo yake hayafiki milioni 1 kwa mwaka haimo kwenye TOT. Mmiliki wake huwasilisha fomu za kawaida za ushuru wa mapato, na hapo mchango wa SHIF unaondolewa. Hata hivyo, kama faida yake ya mwaka haizidi shilingi 288,000, nafuu ya kibinafsi ya shilingi 28,800 hufuta ushuru wote, na bima haina cha kupunguza zaidi.

Je, ni bora kuhama TOT?

Sheria inamruhusu mfanyabiashara kumwandikia Kamishna wa ushuru na kuchagua kutolipa TOT, alipe ushuru wa mapato wa kawaida. Uamuzi huo unataka kalamu na karatasi kwanza.

Chukua gereji yenye mauzo ya shilingi milioni 2.4 kwa mwaka. Kwa TOT italipa shilingi 72,000, liwe liwalo.

Tuseme vipuri, mishahara na kodi ya uwanja vikiondolewa, faida ya mmiliki ni shilingi 500,000. Kwa viwango vya 2025, ushuru wa kawaida baada ya nafuu ya kibinafsi ni shilingi 58,600. Akiondoa mchango wa SHIF wa shilingi 13,750, ushuru unashuka hadi 54,475. Kama pia amejinunulia bima ya kibinafsi ya shilingi 24,000, unashuka hadi 50,875. Huyu amekuwa akilipa zaidi ya shilingi 21,000 za ziada kwa kubaki kwenye TOT.

Lakini faida ikiwa shilingi 700,000 kwa mauzo yale yale, hesabu inageuka. Ushuru wa kawaida unafika shilingi 118,600 kabla ya nafuu za bima, na nafuu hizo haziwezi kuushusha hadi 72,000. Huyu TOT inamfaa.

Kwa ufupi, gereji ambayo pesa nyingi za mteja huishia kwenye vipuri ina sababu ya kupiga hesabu upya. Ile inayouza ufundi zaidi ya vipuri, pengine ibaki ilipo. Anayehama akumbuke pia kwamba tangu Januari 2024, matumizi hukubaliwa tu yakiwa na ankara ya mfumo wa eTIMS, isipokuwa yale machache yaliyosamehewa na sheria. Vipuri vilivyonunuliwa bila ankara hiyo vitahesabiwa kama faida.

Nafuu si sababu pekee

Ukitazama tarakimu hizi, nafuu ya ushuru ni sehemu ndogo ya mchango. Fundi wa mshahara wa 30,000 anarudishiwa robo tu ya shilingi 825. Faida kubwa iko hospitalini.

Kwa aliyesajiliwa na SHA, matibabu ya kimsingi katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 hulipiwa na hazina nyingine, hata kama hajachangia SHIF. Lakini kulazwa au kufanyiwa upasuaji katika hospitali za ngazi ya 4 kwenda juu, kama vile Port Reitz na Hospitali Kuu ya Pwani, kunahitaji mchango uliolipwa. Mwajiri aliyekata pesa za fundi na kukaa nazo humwacha fundi huyo kitandani bila bima.

Pia SHIF si mbadala wa fidia ya ajali kazini. Fundi akiangukiwa na gari lililokuwa kwenye jeki, mwajiri anawajibika chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo humtaka awe na bima ya kuwalinda wafanyakazi wake.

Hatua za kuchukua

1. Jisajili pamoja na wategemezi wako kwa kupiga *147#, au tembelea Huduma Centre mjini Mombasa. Hakikisha kila fundi wako pia amesajiliwa.

2. Tenga mafundi wa mshahara na wale wanaolipwa kwa kila kazi. Wa kwanza unawakatia na kuwasilisha, wa pili wanajilipia wenyewe. Fundi anayeripoti kila siku na kulipwa kila mwezi ni mfanyakazi wako, hata kama hamjaandikiana.

3. Ingia kwenye akaunti yako ya iTax uone kama umewekwa kwenye TOT au ushuru wa mapato wa kawaida.

4. Weka risiti za michango ya SHIF na cheti cha bima ya kibinafsi. Bila hati, hakuna nafuu.

5. Wape wafanyakazi wako fomu ya P9 mapema, kwani kila mmoja anatakiwa kuwasilisha fomu zake za ushuru kabla ya tarehe 30 Juni.

6. Kabla ya kuhama TOT, andika mauzo, vipuri na matumizi ya miezi 12, kisha upeleke hesabu hizo kwa maafisa wa Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA, wakuelekeze.