Mgonjwa wa nyonga na mafua ya wageni: Tuliyojifunza kwa bibi

Bibi yangu aliteleza bafuni alfajiri alipokwenda kutawadha. Hakugongwa na bodaboda wala hakudondoka ngazini. Alianguka pale pale aliposimama. Tulipomkuta, mguu wake wa kulia ulionekana mfupi kuliko wa kushoto na wayo umegeukia nje. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa paja umekatika karibu na nyonga.

Alifanyiwa upasuaji siku iliyofuata, ukaenda salama. Jioni yake ukoo mzima ulihamia wodini. Shangazi alikuja na chupa ya uji, mama mdogo na supu ya kuku, binamu zangu na watoto wao. Mtoto mmoja wa chekechea alikuwa na kamasi na kikohozi chepesi. Bibi alimwita, akamvuta karibu na uso wake, akambusu. Sisi tukapiga picha.

Siku ya nne bibi alikataa chakula. Siku ya tano alianza kutuita kwa majina ya ndugu waliokwisha kufa, huku akipumua harakaharaka. Hakuwa na homa, hivyo tulidhani ni uzee na maumivu tu. Vipimo vikaonyesha nimonia, akawekewa oksijeni.

Hatutajua kamwe ni nani aliyempelekea ugonjwa huo. Huenda alikuwa mtoto, huenda nilikuwa mimi, huenda alikuwa jirani wa kitanda cha pili. Ninachojua ni kwamba siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kama anafaa kuingia wodini.

Kwa nini mafua ni hatari kwake

Nyonga huvunjika zaidi kwa wazee, hasa wanawake, kwa sababu mifupa hupungua uimara baada ya kukoma hedhi. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi ana magonjwa mengine tayari, kama shinikizo la damu, kisukari au moyo, na kinga yake ya mwili imeshuka kwa umri.

Baada ya upasuaji hulala chali kwa muda mrefu. Maumivu humfanya apumue kwa juujuu na aogope kukohoa, hivyo makohozi hubaki kifuani. Virusi vya mafua makali, vya Uviko-19 au vile vinavyowaletea watoto wadogo kikohozi na kubanwa kifua vikiingia hapo, hukuta njia nyeupe. Huharibu utando unaosafisha njia ya hewa, na bakteria hufuata nyuma yao. Pia mwili unaopambana na virusi huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa, hatari ambayo mgonjwa wa nyonga anayo tayari kwa kulala bila kutembea.

Janga la Uviko-19 lilionyesha jambo hili kwa takwimu. Utafiti uliochapishwa Mei 2020 ulifuatilia wagonjwa 1,128 wa upasuaji wa aina mbalimbali katika hospitali 235 za nchi 24, wote wakiwa wamepata virusi hivyo karibu na siku ya upasuaji. Ndani ya siku 30 walifariki 268, karibu mmoja kati ya kila wanne. Nusu ya wagonjwa wote walipata matatizo ya mapafu, na wengi wa waliofariki walitoka katika kundi hilo.

Huko Scotland mwaka huohuo, madaktari waliangalia wagonjwa 317 waliovunjika nyonga. Kwa waliokuwa na Uviko-19, takribani mmoja kati ya watatu alifariki ndani ya siku 30. Kwa wasiokuwa nao, ilikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Hizo ni takwimu za kabla ya chanjo, na leo hali si ile. Hata hivyo, udhaifu wa mapafu ya mzee aliyelala kitandani haujabadilika.

Upasuaji hauwezi kungoja

Msomaji anaweza kuuliza, si mgonjwa asubiri apone mafua kwanza? Kwa upasuaji unaoweza kupangwa, ndivyo inavyoshauriwa. Utafiti mwingine wa mwaka 2021, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 140,000 katika nchi 116, ulionyesha kuwa ni salama zaidi kusubiri angalau wiki saba baada ya kuambukizwa Uviko-19.

Nyonga iliyovunjika haina wiki saba. Kila siku ya kulala bila kufanyiwa upasuaji huleta vidonda vya mgongoni, damu kuganda, maumivu na nimonia hiyohiyo tunayoikimbia. Nchini Uingereza mwongozo wa kitaifa unataka mgonjwa afanyiwe upasuaji siku aliyofika hospitalini au siku inayofuata.

Kwa hiyo daktari yuko njia panda: akisubiri, mgonjwa anadhoofika, akipasua mgonjwa mwenye virusi, mapafu yanaelemewa. Ndiyo maana kazi kubwa ya kuzuia virusi inabaki kwa sisi tunaozunguka kitanda.

Familia ifanye nini

Kwanza, semeni ukweli. Kama mgonjwa alikuwa na mafua, kikohozi au homa kabla ya kuanguka, mwambieni daktari na mtaalamu wa usingizi. Wakati mwingine homa na kizunguzungu ndivyo vilivyomwangusha. Baadhi ya familia huficha wakihofia upasuaji utaahirishwa, lakini taarifa hiyo humsaidia mtaalamu kuamua aina ya ganzi, kuandaa oksijeni na kumtenga na wagonjwa wengine.

Pili, chagueni mtu mmoja au wawili wenye afya wa kumuuguza, wapokezane. Wengine wapige simu. Hata simu ya video ya dakika tano humpa mzee furaha.

Tatu, mwenye mafua asiende, hata kama anajisikia vizuri. Mtu mwenye mafua makali anaweza kuambukiza tangu siku moja kabla ya dalili hadi karibu wiki moja baadaye, na watoto huweza kuambukiza kwa muda mrefu zaidi. Watoto wadogo wabaki nyumbani mpaka mgonjwa aruhusiwe. Anayelazimika kwenda avae barakoa na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa.

Nne, msaidieni akae na asimame mapema kadiri wauguzi watakavyoelekeza, na apumue kwa kina mara kwa mara. Mapafu hupona mgonjwa akiwa wima kuliko akiwa chali.

Tano, msisubiri homa. Kwa mzee, dalili ya kwanza inaweza kuwa kuchanganyikiwa, kukataa chakula, usingizi usio wa kawaida au kupumua haraka. Mwiteni muuguzi saa hiyohiyo.

Na kwa ambaye bado ana mzee mzima nyumbani, ulizia kituo cha afya kuhusu chanjo ya mafua na ya Uviko-19. Kausha sakafu ya bafu, weka taa ya usiku na kitu imara cha kushikilia.

Jambo gumu zaidi ni kumwambia ndugu asiingie. Kwetu, kutokwenda kumjulia hali mgonjwa huhesabika kuwa dharau, na shangazi aliyesafiri kwa basi usiku kucha hawezi kuzuiwa mlangoni bila kuumia. Ni vyema neno hilo litolewe mapema, na mkubwa wa familia, kwenye kundi la WhatsApp, kabla watu hawajakata tiketi.

Bibi alitoka hospitalini baada ya wiki tatu. Sasa anatembea kwa mkongojo, polepole. Yule mtoto alikuja kumwona nyumbani akiwa mzima, akamwamkia shikamoo akiwa mlangoni. Bibi ndiye aliyemuuliza kama amenawa mikono.