Foto ya zamani yenye mzungu wa jeshi: ni Mjerumani kweli?

Foto inaingia kwenye telefone. Mzungu mwenye masharubu, kofia ya jua, medali kifuani, nyuma yake wapagazi na askari weusi. Chini wameandika: «Afisa Mjerumani, Kivu». Watu wanaituma kwa wengine, na kesho mtoto anaipeleka shuleni kama ushahidi. Nani alihakikisha? Mara nyingi hakuna.

Hapa Eringeti na eneo lote la Beni, swali hilo si la kuchezea, kwa sababu Wajerumani walipita kweli. Mwaka wa 1891 Emin Pasha na Franz Stuhlmann walitoka upande wa ziwa Edward, wakafuata bonde la Semliki kuelekea kaskazini. Mwezi wa sita mwaka huo Stuhlmann alipanda Ruwenzori kupitia bonde la Butahu, akafika karibu metre 4,000. Halafu, katika vita ya kwanza ya dunia, Kapiteni Max Wintgens alitoka Rwanda akakamata kisiwa cha Idjwi, mwezi wa tisa 1914. Lakini wazungu wengi wa jeshi walioonekana Kivu walikuwa wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji. Ukiandika «Mjerumani» chini ya foto ya Mbelgiji, umebadilisha aliyemlazimisha babu ya mtu kubeba mizigo. Force Publique ilichukua wapagazi zaidi ya 200,000 katika vita ile.

Basi mtu anaanza kuangalia wapi? Wengi wanakimbilia uso. Kumbe uso ndio unaodanganya zaidi: masharubu ya wakati ule yalikuwa mtindo, kila afisa anafanana na mwenzake. Anza na mabega.

Afisa wa Kijerumani alivaa begani kamba ya rangi ya fedha. Liyetena, kamba zake zimelazwa tu, zimenyooka. Kuanzia majoro kwenda juu, kamba zimesokotwa kama nywele za msichana. Nyota zinahesabiwa juu ya kamba hizo, na hapo ndipo watu wanaangukia. Nyota mbili juu ya kamba iliyonyooka ni kapiteni. Nyota mbili zilezile juu ya kamba iliyosokotwa ni kolonele. Wintgens, kapiteni, alikuwa wa kundi la kwanza. Paul von Lettow-Vorbeck, mkubwa wa jeshi la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki, alianza vita ya 1914 akiwa liyetena-kolonele: kamba iliyosokotwa, nyota moja. Kwa hiyo anayehesabu nyota bila kuangalia kamba anaweza kumpandisha mtu vyeo vitatu kwa siku moja.

Kofia inafuata. Jeshi lao la makoloni lilikuwa na kofia pana, ukingo mmoja umeinuliwa upande wa kuume na kufungwa kwa beji ya mviringo. Utepe wa ukingo ulionyesha koloni: mweupe kwa Afrika ya Mashariki, wa bluu kwa Namibia, mwekundu kwa Kameruni. Lakini katika joto la huku wengi walivaa kofia ya jua tu, na kofia ya jua Wabelgiji na Waingereza nao walikuwa nayo. Kwa hiyo kofia ya jua peke yake haisemi kitu.

Halafu medali. Ile inayojulikana zaidi ni Msalaba wa Chuma, iliyoanzishwa na mfalme wa Prussia mwaka wa 1813, ikarudishwa 1870, 1914 na 1939. Ule wa 1914 una taji, herufi W na mwaka wenyewe. Ule wa 1939 una alama ya Wanazi katikati. Daraja la pili linaning'inia kwenye utepe, mweusi na mweupe kwa ule wa 1914. Daraja la kwanza linabanwa moja kwa moja kifuani, upande wa kushoto wa mvaaji. Ukiuona upande wa kuume, usiharakishe kusema ni uongo. Huenda foto imegeuzwa tu, kama kwenye kioo. Angalia kama vifungo vya koti navyo vimegeuka.

Ile ya shingoni, msalaba wa bluu unaoitwa Pour le Mérite, inasaidia kujua tarehe. Lettow-Vorbeck alipewa mwezi wa kumi na moja 1916. Foto yake yenye msalaba ule shingoni haiwezi kuwa ya 1914, hata kama imeandikwa hivyo kwa wino mzuri. Usitafute bluu nzito: foto za zamani zilififisha bluu ikawa karibu nyeupe, na nyekundu ikageuka karibu nyeusi.

Sasa mitego. Emin Pasha alikuwa Mjerumani, daktari, jina lake la kuzaliwa Eduard Schnitzer. Lakini alikuwa gavana wa Ekwatoria kwa serikali ya Misri, na katika foto zake nyingi amevaa fezi. Anayetafuta nguo za Kijerumani atamruka, atasema ni Mturuki.

Kinyume chake ni Siegfried Müller, aliyeitwa «Kongo-Müller». Mwaka wa 1964 na 1965 alikuwa mamluki huku Congo, upande wa serikali, kupigana na Wasimba. Alivaa nguo za vita za hapa na Msalaba wa Chuma kifuani. Msalaba ule ulitoka vita ya Hitler, cheo cha majoro kilitoka Congo. Ukivichanganya utasema Ujerumani ilituma majoro Congo, na hiyo si kweli.

Tena, angalia wale waliosimama nyuma. Askari weusi wa Wajerumani walivaa kaki, na fezi yao ilifunikwa kitambaa cha kaki, beji ya tai mbele. Wa Force Publique mara nyingi walivaa fezi nyekundu isiyofunikwa, ambayo kwenye foto inatoka nyeusi. Mara nyingi kofia ya askari ndiyo inayokuambia mzungu ni wa nani.

Hayo yote yanakupa jeshi, cheo na miaka. Jina bado. Kwa jina, wachunguzi wanafungua vitabu vya jeshi la Ujerumani vilivyoorodhesha maafisa na vyeo vyao, mara nyingi na medali zao pia, kisha wanalinganisha na foto zenye maandishi, kama zile za maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt, ama za makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Kapiteni, mwaka fulani, medali tatu fulani: majina yanabaki machache.

Kwa askari waliosimama nyuma, vitabu hivyo havina jina hata moja. Kama familia ina foto ya namna hiyo sandukuni, ipige picha mbele na nyuma pia, hata kama nyuma kuna muhuri tu ama neno moja lililofutika nusu.