Mgeni Akifikishwa Mahakamani

Tuseme kijana kutoka nchi jirani amefika Malinyi kwa kibali halali, akalima mpunga, akaoa kwetu na kujaaliwa watoto. Siku moja pazuka ugomvi shambani, naye ashitakiwa kwa kumjeruhi mwenziwe. Jamaa wamwambia: "Kiri, yaishe upesi." Sisi twaliona shauri hilo kuwa la hatari, na yawapasa wenye nyumba kujua sababu yake.

Kushitakiwa si kutiwa hatiani. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, yakataza mshitakiwa kutendewa kama mkosa kabla kosa halijathibitika. Lakini akihukumiwa kifungo, hata kiwe kifupi, Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 yampa mkuu wa uhamiaji uwezo wa kumtangaza kuwa mgeni asiyetakiwa. Na faini isipolipwa huweza kugeuka kifungo. Raia atokapo gerezani hurudi kwake. Mgeni aweza kupelekwa mpakani, mkewe na wanawe wakabaki nyuma.

Wala nikahi haimkingi. Ndoa iliyotimiza masharti ni sahihi mbele ya Mwenyezi Mungu, lakini peke yake haimfanyi mtu kuwa raia. Hana budi kuuomba uraia, na aombaye kwa tajnisi hutakiwa awe na tabia njema. Hukumu ya jinai yaweza kumharibia ombi hilo.

Zaidi ya hayo, aliyetiwa hatiani kwa kukiri kwake, kwa kawaida, haruhusiwi kukata rufani ila juu ya adhabu.

Hatusemi mtu aifiche kweli, kwani uongo ni haramu. Twasema asikiri asilolitenda, wala asiloelewa. Mashitaka yasomwe kwa lugha aijuayo. Asipofahamu Kiswahili, aombe mkalimani. Amweleze wakili tangu mwanzo kwamba yeye si raia. Asiye na uwezo aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Na kibali chake kisiachwe kuisha kesi ingali ikiendelea, maana kukaa bila kibali ni kosa jingine.

Nasi jirani zake tusimkimbie. Msafiri aliyekwama ni miongoni mwa wanane wastahikio zaka. Basi nauli ya kwenda mahakamani na chakula cha watoto wake visitushinde.

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu, na azihifadhi nyumba zetu. Amin.