Ahmed, Ndovu Aliyelindwa kwa Amri ya Rais

Paukwa! Pakawa! Sahani? Ya mchele!

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo sungura na fisi wapumzike. Nataka kuwapa kisa cha ndovu aliyeishi kweli, jina lake Ahmed.

Siku mtakapotoka hapa Mai Mahiu kwa basi la shule kwenda Nairobi, mtaupanda mlima polepole nyuma ya malori, mtalipita lile kanisa dogo walilojenga wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, kisha Rironi, Kikuyu, Kangemi na Westlands. Kabla hamjaingia katikati ya jiji, mtafika Makumbusho ya Taifa. Hapo uani, juani na mvuani, amesimama ndovu mwenye pembe ndefu ajabu. Msiogope, hali majani, wala hapigi mtu teke. Ni sanamu.

Ahmed mwenyewe aliishi mbali kaskazini, katika msitu wa Mlima Marsabit. Miaka ya 1960 watu waliomwona walirudi wakisimulia kuwa pembe zake zinakwaruza ardhi anapotembea. Walitia chumvi kidogo, lakini si sana. Kila pembe ilikuwa na uzito wa kilo 67 hivi. Kijana anayebeba mfuko wa saruji wa kilo 50 hapa kituoni anayumba. Ahmed alibeba pembe mbili za namna hiyo usoni, mchana na usiku. Na hizo ni meno, msidanganyike na jina. Ni meno ya mbele ya taya la juu, nayo hayaachi kukua maadamu ndovu yu hai.

Basi sifa zikaenea, na sifa zikaleta hatari. Wakati huo uwindaji ulikuwa halali Kenya. Mtu mwenye leseni na bunduki angeweza kumtamani Ahmed kwa ajili ya pembe tu. Nani angemzuia?

Hapo ndipo watoto wanaingia katika kisa. Wanafunzi walichukua kalamu wakamwandikia Rais, Mzee Jomo Kenyatta, wakimwomba amlinde ndovu wa Marsabit. Mwaka 1970 Mzee akatoa amri: Ahmed asiguswe. Askari wenye silaha wakawekwa kumfuata aendako. Ndovu akawa na walinzi kama mkubwa wa serikali!

Hakuna mwindaji aliyempata. Mwaka 1974 alikufa kwa uzee, akiwa na umri unaokadiriwa kuwa miaka 55. Askari walimkuta ameegemea mti, uzito wake umelalia zile pembe zake. Mzee Kenyatta akaagiza ahifadhiwe Makumbusho ili wananchi wazidi kumwona.

Sasa sikilizeni vizuri, maana wageni wengi hukosea hapa. Ahmed yuko mara mbili. Mifupa yake halisi imo ndani ya jengo, mahali pakavu, kwa kuwa jua na mvua huharibu mifupa. Yule wa uani ametengenezwa kwa nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi inayokauka ikawa ngumu. Kitu cha namna hiyo hakiozi, na mchwa hawakiwezi. Mifupa inawaonyesha jinsi mwili wake ulivyoungwa. Sanamu inawaonyesha yale ambayo mifupa haisemi: masikio, mkonga, tumbo, na kimo cha karibu mita tatu begani. Kwa hiyo mkienda, mwoneni wa ndani na wa nje pia.

Mwaka 1977, miaka mitatu baada ya Ahmed kufa, serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini kote. Amri ya kwanza ilimlinda ndovu mmoja mwenye jina. Hii ya pili iliwahusu na wale wasiojulikana na mtu, hata pundamilia mnaowaona huku kwetu upande wa Longonot.

Najua kuna mmoja wenu anayetaka kuuliza: “Babu, kwani barua ya mtoto husomwa na wakubwa?” Si zote, mjukuu wangu. Lakini zile za Ahmed zilipata jibu, na jibu lenyewe lilikuwa askari wenye bunduki. Kwa hiyo mwalimu akiwafundisha kuandika barua rasmi, msisinzie. Jifunzeni anwani inakaa wapi, semeni mnachotaka bila kuzungukazunguka, na mtie sahihi.