SARAFU ILIYOKATALIWA NA JIRANI

Fedha hupita mikononi mwa watu wote, tajiri na maskini, rafiki na adui. Kwa hiyo picha inayotiwa juu ya sarafu si jambo dogo, kama Serikali ya Ubelgiji ilivyojifunza katika mwaka 2015.

Tarehe 18 Juni 1815, katika mashamba yaliyo karibu na Waterloo, kusini ya mji wa Brussels, Napoleon, Mfalme Mkuu wa Ufaransa, alishindwa na jeshi la Waingereza na wenzao chini ya Duke wa Wellington, pamoja na jeshi la Prussia chini ya Jemadari Blücher. Kwa siku moja tu makumi ya maelfu ya askari waliuawa au kujeruhiwa, na nafaka iliyokuwa bado shambani ikakanyagwa. Wakulima wa mahali pale hawakuwa na neno katika ugomvi ule. Lakini wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Miaka 200 ilipotimia, Ubelgiji ilikusudia kutoa sarafu ya ukumbusho ya yuro 2. Fedha hiyo hutumiwa na nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwa mojawapo. Wafaransa wakapinga, kwa maana mtu anunuaye mkate huko Paris angaliweza kurudishiwa chenji yenye alama ya kushindwa kwa taifa lake. Ubelgiji ikakubali kuacha shauri lile, ijapokuwa sarafu zipatazo 180,000 zilikuwa zimekwisha tengenezwa. Zikaharibiwa.

Hata hivyo Wabelgiji hawakukata tamaa. Kanuni za yuro huruhusu nchi kutoa sarafu ya thamani isiyo ya kawaida, mradi itumike ndani ya mipaka yake tu. Basi mwezi wa Juni 2015 zikatolewa sarafu 70,000 za yuro 2 na nusu, zikauzwa kwa yuro 6 kila moja. Juu yake mna picha ya Kilima cha Simba, kilichokamilika mwaka 1826 kwa udongo uliochimbwa katika uwanja ule ule wa vita. Waziri wa Fedha, Johan Van Overtveldt, alieleza kwamba nia haikuwa kufufua magomvi ya kale.

Kila taifa lina haki ya kukumbuka yaliyotendeka katika ardhi yake. Lakini ukumbusho utakaotiwa katika mfuko wa jirani hauna budi kupata kwanza ridhaa ya jirani huyo.